Nuru ya Mlimani na Nuru ya Jangwani

Dominika ya Pili ya Kwaresima
Masomo: Mwanzo 12:1–4, 2 Timotheo 1:8–10, Mathayo 17:1–9



Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioko hapa mjini Dodoma, nanyi wa Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Bahi, Manyoni na vijiji vyote vya uwanda huu wa kati ambavyo sauti yetu inavifikia asubuhi hii, amani ya Bwana iwe nyumbani mwenu. Mbukwenyi. Wagonjwa mliolala vitandani, wachungaji mlio malishoni na redio zenu ndogo, akina mama mnaowaandaa watoto kwenda kanisani, nawasalimu nyote.

Injili ya leo inatupandisha mlimani. Yesu aliwachukua wanafunzi wake watatu, Petro, Yakobo na Yohane, akawapeleka mahali pa juu, mbali na watu. Huko wakamwona kama walivyokuwa hawajamwona kamwe. Mwanga ulitoka usoni mwake, mwanga ambao macho ya binadamu hayawezi kuuzoea, na nguo zake zilikuwa nyeupe kupita weupe wote wa duniani. Musa na Eliya walikuwa wakizungumza naye. Petro alipoona hayo, alifurahi mno hata akataka kujenga pale vibanda vitatu, ili wakae. Kabla hajamaliza kusema, wingu liliwafunika, sauti ya Baba ikasikika, na wale watatu wakaanguka kifudifudi kwa hofu. Ndipo Yesu akawasogelea, akawagusa, akawaondolea woga. Kisha wakateremka.

Ndugu zangu, leo naomba tuiweke kando ya nuru hiyo nuru nyingine, iliyowaka jangwani, nayo pia iliwaangusha watu kifudifudi. Tukizitazama zote mbili pamoja, tutaelewa vizuri zaidi kwa nini Bwana hakumruhusu Petro kujenga vibanda vyake.

Mwaka 2023 ilitoka filamu iitwayo Oppenheimer, iliyoongozwa na Christopher Nolan. Mwezi Machi 2024 ilipata tuzo saba za Oscar, mojawapo ikiwa ile ya filamu bora ya mwaka. Wanafunzi wengi wa vyuo vyetu wameitazama, wengine katika kompyuta, wengine katika simu zao za mkononi. Filamu hiyo ni ya saa tatu, na ina sehemu zisizowafaa watoto. Wazazi wajue hilo. Lakini kwa mtu mzima anayeitazama kwa makini, ni kama mtihani wa dhamiri.

Inasimulia maisha ya mwanafizikia Mmarekani, J. Robert Oppenheimer, aliyezaliwa New York mwaka 1904. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi sana. Alisoma Harvard, kisha Cambridge huko Uingereza, kisha Göttingen huko Ujerumani, halafu akarudi kwao kufundisha. Mwaka 1939 vita kuu ya pili ilianza, na wanasayansi wengi waliokimbia mateso ya Hitler waliingiwa na hofu kubwa. Walijua kwamba Wajerumani ndio walioligundua jambo la kupasua kiini cha atomu. Je, Hitler akipata bomu la namna hiyo, nani atasalia? Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na sababu yao ya kuanza kazi haikuwa ya kijinga. Marekani ikaanzisha mradi mkubwa wa siri ulioajiri watu zaidi ya laki moja, na mwaka 1943 Oppenheimer akawekwa kuwa mkuu wa maabara iliyojengwa mahali paitwapo Los Alamos, juu ya uwanda wa milima katika jimbo la New Mexico.

Tarehe 16 Julai 1945, saa kumi na moja na nusu alfajiri, walilijaribu bomu lao la kwanza jangwani. Jaribio hilo Oppenheimer alikuwa ameliita Trinity, maana yake Utatu. Naam, jina lile lile tunalolikiri kila tunapofanya ishara ya msalaba. Alisema baadaye kuwa lilimjia kutokana na ushairi wa John Donne, padre wa Kianglikana aliyeishi karne ya 17. Mwanga ulipasuka kabla ya jua kuchomoza, ukaangaza milima yote iliyozunguka kuliko mchana. Mnara wa chuma uliolibeba bomu ulitoweka. Mchanga wa jangwa uliyeyuka ukawa kioo cha rangi ya kijani. Watu waliokuwa mbali kilometa nyingi walikuwa wamelazwa chini, nyuso zao zikitazama upande mwingine.

Tazameni basi jinsi nuru hizi mbili zinavyofanana kwa nje: mahali pa faragha, watu wachache waliochaguliwa, mwanga upitao mwanga wa jua, wingu, sauti kubwa, na watu walioanguka kifudifudi. Tofauti yake inaonekana katika lile lililofuata.

Nianze na Petro. Kwa nini alitaka kujenga vibanda? Mwinjili anatuonyesha kwamba aliona ni vema kukaa pale. Mlimani palikuwa na utamu. Mtu akishaonja utamu wa namna hiyo, huacha kuuliza alipandishwa kwa ajili gani.

Oppenheimer naye aliujua utamu wa mlima wake. Mwaka 1954, alipohojiwa mbele ya baraza lililochunguza uaminifu wake kwa nchi, alieleza kwamba mtaalamu akiona jambo ambalo kwa ufundi wake ni tamu, hulifanya kwanza. Mjadala wa matumizi yake huja baada ya kufanikiwa. Akasema kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa bomu la atomu.

Wapendwa, maneno hayo yanatisha kuliko mlipuko wenyewe, kwa sababu tunayafahamu. Fundi stadi hujua utamu wa kazi inayokubali mkononi. Mfanyabiashara hujua utamu wa hesabu inayopanda. Mwanasiasa hujua utamu wa mkutano unaomshangilia. Hata mhubiri hujua utamu wa sauti yake mwenyewe. Utamu wa kazi ni zawadi ya Mungu, wala si dhambi. Lakini una hatari moja: unaweza kuendelea kuwepo hata baada ya sababu ya kazi kufa.

Hapo ndipo penye kiini cha mahubiri ya leo. Kazi ile ilianza kwa sababu ya hofu ya Hitler. Hitler alikufa tarehe 30 Aprili 1945. Ujerumani ilisalimu amri mwanzoni mwa mwezi Mei. Sababu iliyowaleta wengi wa wanasayansi wale Los Alamos ilikuwa imekwisha, imezikwa. Je, kazi ilisimama? Haikusimama. Kati ya Mei na Julai walifanya kazi kwa haraka kuliko wakati wowote. Kulikuwa na vita na Japani bado, na watawala walikuwa na hoja zao. Lakini wengi wa wale mafundi hawakuketi kujiuliza upya. Wachache walijaribu. Filamu inaonyesha mkutano wa wanasayansi waliotaka kujadili jambo hilo. Mwezi Julai wenzao wapatao 70, wengi wao wa mji wa Chicago, walitia sahihi barua ya kumwomba rais afikiri kabla ya kulitumia bomu. Gari lilikuwa limeshashika mteremko.

Mtu mmoja alikuwa ameuliza mapema. Jina lake ni Joseph Rotblat, mwanafizikia kutoka Polandi. Alikuwa na haki ya kumwogopa Hitler kuliko wengi, maana mkewe alibaki Polandi na aliangamia katika mauaji ya Wayahudi. Mwishoni mwa mwaka 1944 ilipodhihirika kwamba Wajerumani hawakuwa na bomu, Rotblat alisema moyoni mwake kwamba lile lililomleta halipo tena. Akaomba kuondoka. Alishukiwa kuwa jasusi, akaondoka kimya, akarudi Uingereza. Huko akaielekeza elimu yake kwenye tiba na kuchunguza madhara ya mionzi katika mwili wa binadamu. Kuanzia mwaka 1957 aliwakutanisha wanasayansi wa mataifa yaliyohasimiana ili wazungumze juu ya kuondoa silaha hizo, na mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Somo la kwanza la leo linatuambia juu ya Abrahamu, aliyeitwa aiache nchi yake na nyumba ya baba yake. Sisi tukilisikia hufikiri habari ya safari ya miguu na mifugo. Lakini kuna kutoka kwingine, kugumu kuliko huko: kuitoka kazi ambayo umeipenda, pamoja na marafiki wanaokusifu, wakati mambo yanakaribia kufanikiwa. Rotblat alitoka namna hiyo, na hakuna aliyempigia makofi siku ile.

Turudi mlimani. Injili iliyosomwa inakomea pale wanapoteremka. Lakini endeleeni kusoma nyumbani, mistari inayofuata mara moja. Chini ya mlima alikuwa akisubiri baba mmoja mwenye mtoto mgonjwa, mtoto aliyekuwa akianguka mara motoni, mara majini. Yesu alimponya. Hii ndiyo sababu vibanda havikujengwa. Nuru ile haikutolewa ili ikaliwe. Ilitolewa ili washuke nayo kwa mtoto yule.

Je, nuru ya jangwani ilishuka kwa nani? Ilishuka pia kwa watoto. Wiki tatu baadaye, tarehe 6 Agosti 1945, bomu liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima. Kumbukeni tarehe hiyo katika kalenda ya Kanisa: ndiyo sikukuu ya Kung'ara kwa Bwana. Asubuhi ambayo mapadre ulimwenguni kote walisoma habari za uso ulioangaza, mji mzima uliteketea kwa mwanga. Hadi mwisho wa mwaka ule, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kwa moto, majeraha na mionzi.

Siku tatu baadaye ndege nyingine ilielekea mji wa Kokura, ikaukuta umefunikwa, isiweze kuuona. Ikageukia Nagasaki. Bomu lililipuka juu ya bonde la Urakami, si mbali na kanisa kubwa lililojengwa na wazao wa Wakristo waliokuwa wameitunza imani kwa siri kwa zaidi ya miaka 200 ya mateso. Ilikuwa siku ya kazi, nao waamini walikuwa ndani wakiungama dhambi zao, wakijiandaa kwa sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Kile ambacho watesi wa karne mbili hawakuweza kukifanya, kilifanyika kwa dakika moja, na rubani na wenzake walitoka katika nchi yenye makanisa mengi.

Wapendwa, huenda mtu akasema: Padre, hayo ni mambo ya Wamarekani na Wajapani, sisi wa Dodoma yanatuhusu nini? Nitajibu.

Jiwe la kazi ile lilitoka Afrika. Kusini mwa Kongo, katika Katanga, ambako watu wanazungumza Kiswahili kama sisi, upo mgodi uitwao Shinkolobwe. Urani yake ilikuwa tajiri kuliko nyingine zote zilizojulikana; mawe yake yalikuwa na zaidi ya nusu ya madini hayo, wakati migodi ya kwingine ilipata chini ya sehemu moja katika mia. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji iliyoumiliki, Edgar Sengier, alisafirisha tani zaidi ya 1,200 hadi New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka mgodi huo. Waafrika ndio walioyachimba mawe hayo na kuyabeba, bila kuambiwa yanakwenda wapi wala kwamba yana madhara kwa miili yao. Katika filamu ile ya saa tatu huwaoni. Wanasayansi wanatajwa kwa majina yao, majenerali kwa majina yao. Mchimbaji wa Shinkolobwe hana jina.

Na uwanda huu wetu unajua maana ya kubebeshwa vita ya wengine. Wazee wetu walitusimulia njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Katika vita kuu ya kwanza Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo kuwa wapagazi. Waingereza walipofika wakafanya vivyo hivyo. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu tayari. Watu walikufa kwa wingi mno, ilhali ugomvi ule haukuwa wao. Hakuna silaha inayoishia pale inapolengwa.

Leo pia chini ya ardhi yetu, huko Bahi na Manyoni, watafiti wamekuta urani. Huko Namtumbo, mkoani Ruvuma, iko nyingi zaidi, na mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulibadilishwa kwa ajili ya uchimbaji wake. Sisemi kwamba madini hayo ni ya shetani. Mhunzi hupiga jembe na mkuki kwa chuma kile kile, na nabii Isaya alituonyesha zamani ni upande gani Mungu anataka nyundo ielekee. Mionzi iliyoua Hiroshima ni jamaa ya mionzi inayowatibu wagonjwa wa saratani katika taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini mkulima wa mpunga wa Bahi anayeuliza maji yake yatakuwaje, na jiwe hili litakwenda kwa nani, si mpinga maendeleo. Anauliza swali ambalo mchimbaji wa Shinkolobwe hakupewa nafasi ya kuliuliza. Msimcheke. Mjibuni.

Nanyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine, mnaosoma sayansi, uhandisi na kompyuta, Kanisa haliiogopi elimu yenu. Someni sana. Ila msiingoje siku ya kufanikiwa ndipo muulize kazi yenu ni ya nini. Siku hiyo kitu mlichokitengeneza kitakuwa tayari mikononi mwa mtu mwingine.

Lakini wengi wetu hatutaunda bomu. Basi neno hili linatuhusu vipi sisi wa jembe, wa soko na wa ofisi?

Fikirini Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga, kwa kuwa Ulaya ilikosa mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yaliletwa, mapori yakafyekwa. Muda si muda ikaonekana kwamba mvua hazitoshi na kwamba udongo wakati wa kiangazi hugeuka mgumu kama tofali. Mgogo yeyote angeweza kuwaambia hivyo. Hata hivyo kazi iliendelea hadi mwanzo wa mwaka 1951, mamilioni ya pauni yakapotea, kwa sababu ilikuwa imeanzishwa na wakubwa walikuwa wametoa ahadi.

Sasa njooni nyumbani. Ndugu wawili wana kesi ya mpaka wa kiwanja. Ilianza kwa hatua tatu za ardhi. Leo gharama za kwenda na kurudi barazani zimekwisha kupita thamani ya kiwanja chenyewe, baba aliyewagawia ameshafariki, na mmoja wao amepewa kiwanja kingine. Sababu imekufa, kesi inaishi. Ukiwauliza, kila mmoja atakueleza kwa ufasaha jinsi atakavyomshinda mwenzake katika shauri lijalo. Huo ni utamu wa kiufundi.

Mke na mume walinuniana kwa neno lililosemwa wakati wa mavuno. Neno lenyewe hawalikumbuki sawasawa. Kununa wanakukumbuka.

Baba alikwenda mjini kutafuta ada ya watoto. Alipata kazi, akapata cheo, akapata marafiki. Watoto walimaliza shule zamani bila kumwona. Yeye angali anasema anahangaika kwa ajili yao.

Kila mmoja wetu ana kibanda chake mlimani. Kwa hiyo katika Kwaresima hii nawaombeni mchukue kazi moja, ugomvi mmoja, au mpango mmoja mnaouendeleza, mkauulize maswali mawili mbele ya Mungu. Kwanza: ile sababu iliyonifanya nianze, je, bado ni hai? Pili: nikishuka na kazi hii chini ya mlima, yule mtoto aliyeko pale nitamponya au nitamchoma? Mtu asipoweza kuyajibu maswali hayo, basi kazi hiyo isimame kwanza, hata kama ni tamu, hata kama imebaki kidogo kukamilika.

Sisemi haya ili tumhukumu marehemu Oppenheimer. Mhukumu ni Mungu. Mwezi Oktoba 1945 alikwenda kwa Rais Harry Truman akamwambia kwamba anahisi ana damu mikononi. Rais alichukizwa na maneno hayo. Maskini, aliipeleka damu ya mikono yake kwa rais, na rais hana maji ya kuiosha. Mwaka 1947 alisema hadharani kwamba wanafizikia wameijua dhambi. Alipopinga kuundwa kwa bomu kubwa zaidi, maadui zake walimwandama, na mwaka 1954 akanyang'anywa kibali cha kushiriki siri za serikali. Alifariki mwaka 1967. Uamuzi ule ulifutwa na serikali ya nchi yake mwaka 2022, miaka 55 baada ya kifo chake.

Wala sisi mapadre tusijitoe. Katika kisiwa cha Tinian, zilikoruka ndege zile, alikuwapo padre wetu Mkatoliki, George Zabelka, mhudumu wa kiroho wa wanajeshi wale. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba hakuwahi kuwahubiria dhidi ya kuua raia. Akatumia uzee wake kuhubiri amani na kuomba msamaha. Kimya cha mhubiri nacho ni kibanda. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliitaja vita ya kuangamiza miji mizima kuwa ni kosa dhidi ya Mungu na dhidi ya binadamu. Na Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alisimama Hiroshima na Nagasaki Novemba 2019 akasema kwamba hata kuzimiliki silaha hizo ni kinyume cha maadili.

Nataka kuwaacha na tumaini, kwa maana Injili haituachi tumelala kifudifudi. Kuteremka kunawezekana. Hapa barani Afrika, nchi moja ilikuwa imefika kilele cha mlima huo. Mwaka 1993 Rais F. W. de Klerk wa Afrika Kusini alitangaza kwamba nchi yake ilikuwa imeunda mabomu sita ya nyuklia, na kwamba yote yamebomolewa. Mwaka 1996 mataifa ya Afrika yalitia sahihi mkataba wa kulifanya bara hili lisiwe na silaha hizo, mkataba ulioanza kutumika mwaka 2009, nao unaitwa Pelindaba, jina la mahali pale pale palipofanyiwa utafiti wa nyuklia wa Afrika Kusini. Na Mwalimu Nyerere wetu, mwezi Mei 1984, pamoja na viongozi wa India, Ugiriki, Uswidi, Meksiko na Ajentina, aliyataka mataifa makubwa yaache kuzijaribu na kuzitengeneza silaha hizo. Nchi maskini isiyo na bomu hata moja ilikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa watoto walioko chini ya mlima ni pamoja na wa kwetu.

Yesu aliwagusa wanafunzi wake walipokuwa chini kwa hofu. Hakuwalaumu kwa ajili ya vibanda. Aliwainua, na wao walipoinua macho hawakumwona mtu mwingine ila yeye peke yake. Wiki hii mtu akiinuka asubuhi aende kwa nduguye, aseme: ile sababu yetu imekufa, tuizike pamoja. Atakuwa ameteremka mlimani na Bwana.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemwangaza Mwanao mbele ya macho ya wanafunzi wake, utuokoe na kila mwanga unaotupofusha tusimwone jirani. Uwape hekima wenye elimu, na unyenyekevu wenye mamlaka. Uwapumzishe katika amani yako watu wa Hiroshima na Nagasaki, wachimbaji wa Shinkolobwe wasiotajwa, na wazee wetu waliokufa katika njaa ya Mtunya. Utujalie ujasiri wa kuacha lile lisilo na sababu tena, na upole wa kushuka kwa yule anayetungoja chini. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na ikae nanyi daima. Dominika njema.